Hukumu Ivukayo Mpaka

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo moja la sheria ambalo watu wa mwambao wa Ziwa Victoria hulikuta wanapofanya biashara na watu wa nchi jirani, na aghalabu hulikuta wakiwa wamekwisha kuchelewa. Jambo lenyewe ni hili. Mtu ameshinda kesi ya deni katika mahakama ya nchi moja, naye mdaiwa wake ana mali katika nchi nyingine. Je, hukumu ile itamfaa nini? Aweza kuishika mkononi, akavuka nayo ziwa, akaionyesha kwa wakuu wa ng'ambo, nao wakamkamatia mali ya mdaiwa? La, hawezi. Hukumu haina miguu ya kuvukia mpaka. Yapasa kwanza mahakama ya nchi ile iipokee na kuiandika katika daftari lake, ndipo ipatapo nguvu kana kwamba ilitolewa pale pale. Kuandikisha huko kuna historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita katika maji yetu haya.

Labda wanafunzi watauliza: Kwa nini tujisumbue na habari za majaji, na hali sisi ni watu wa pamba na mpunga, wavuvi na wachuuzi? Jibu letu ni kwamba deni huingia katika kila nyumba, na wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu asiyejua jinsi hukumu inavyovuka mpaka aweza kupata hasara kwa njia mbili. Akiwa mdai, atabaki na karatasi isiyomlipa. Akiwa mdaiwa, siku moja ataona mali yake inakamatwa kwa ajili ya kesi ambayo yeye alidhani imekwisha kufa huko ng'ambo.

Tuchukue mfano, nasi twasema wazi kwamba ni mfano tu. Mchuuzi wa Sengerema amekusanya dagaa wakavu kutoka visiwa vya Buchosa, magunia mia moja, akamwuzia mfanyi biashara wa Kisumu kwa ahadi ya kulipwa baada ya mwezi mmoja. Mwezi ukapita, na wa pili, fedha hazikuja. Mchuuzi akashtaki katika mahakama ya wilaya ya upande wetu. Mnunuzi akapelekewa hati ya kuitwa, akaja, akajitetea, akashindwa. Hukumu ikatolewa kwamba alipe. Lakini nyumba yake iko Kisumu, duka lake liko Kisumu, na fedha zake zimo katika benki ya Kisumu. Huku kwetu hana hata kiti. Basi mchuuzi wetu ameshinda, wala hajapata kitu. Mfano huu tutaurudia baadaye. Kwanza tutazame mambo ya zamani.

Kabla ya kuja kwa serikali za Kizungu, Usukuma na Uzinza zilikuwa na watawala wengi, kila mmoja na nchi yake. Shauri lilikatwa mbele ya mtawala na wazee wake, na nguvu ya amri yake ilikoma pale mipaka ya nchi yake ilipokoma. Kanuni hiyo yaeleweka kwa urahisi. Hukumu ni amri ya mwenye nchi, na mwenye nchi hana amri katika nyumba ya jirani yake. Akitaka neno lake lifuatwe huko, yampasa kumwomba jirani, na jirani ana hiari ya kukubali au kukataa. Mambo ya mahakama za leo yamejengwa juu ya msingi ule ule, ingawa madaftari yameongezeka.

Katika mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya Afrika ya Mashariki, wakaligawa ziwa kwa mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Upande wa kaskazini ukawa wa Waingereza, na upande wa kusini, pamoja na Mwanza na Sengerema, ukawa wa Wajerumani. Mstari ule ulichorwa kwenye ramani, lakini majini haukuonekana, na biashara haikuujali. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901, na meli zikaanza kuzunguka ziwa zima. Kwa kuwa reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka mwaka wa 1928, bidhaa nyingi za Mwanza zilipita Kisumu kwenda baharini, ingawa Kisumu ilikuwa chini ya bendera nyingine. Ngozi, karanga na pamba zilikwenda kaskazini. Nguo, chumvi na majembe yalikuja kusini. Na pale bidhaa zinapopita kwa mkopo, madeni nayo hupita. Mwenye duka wa Mwanza akawa na deni Kisumu, na mwenye duka wa Kampala akawa na deni Mwanza. Ikawa lazima wenye sheria watafute dawa.

Dawa yenyewe haikuzaliwa hapa. Ilitoka Uingereza, na huko nako ilichukua miaka mingi kupatikana. Majaji wa Kiingereza waliulizana tangu zamani: Hukumu ya mahakama ya kigeni twaitazamaje? Tukiidharau, mshindi atalazimika kuanza kesi upya kila avukapo mpaka, alete mashahidi wale wale, aseme maneno yale yale. Tukiipokea bila kuuliza neno, labda tutamwonea mtu ambaye hakupata kusikilizwa.

Juu ya hatari hiyo ya pili, kuna kesi moja ya mwaka wa 1808 ambayo mawakili huisoma hata leo. Mtu mmoja alileta London hukumu aliyoipata katika kisiwa cha Tobago, kilicho mbali sana katika bahari ya Marekani. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba mdaiwa hakuwako kisiwani wakati wa kesi, wala hapakuwa na dalili kwamba aliwahi kufika huko. Hati ya kumwita mahakamani ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye mlango wa nyumba ya mahakama, kama ilivyoruhusiwa na sheria ya Tobago. Yeye angewezaje kuisoma? Jaji, naye alikuwa Lord Ellenborough, aliikataa hukumu ile, akauliza kama kisiwa kile chaweza kutunga sheria ya kuwafunga watu wa dunia nzima.

Katika mwaka wa 1870 ilikuja kesi nyingine, nayo yaitwa Schibsby na Westenholz. Mdai alikuwa amepata hukumu ya fedha huko Ufaransa juu ya watu wa Denmark waliofanya biashara yao London. Wadaiwa wale hawakuwa raia wa Ufaransa, hawakukaa Ufaransa kesi ilipoanza, wala hawakufika mbele ya mahakama ya Kifaransa. Majaji wa London wakakataa kuitimiza hukumu ile. Walieleza kwamba hukumu ya kigeni hufuatwa kwa sababu inamwekea mdaiwa wajibu wa kulipa, mfano wa deni jingine lolote. Lakini wajibu huo hauwi ikiwa mahakama iliyohukumu haikuwa na haki ya kumwita mtu yule. Tangu siku hizo swali la kwanza juu ya kila hukumu ya kigeni ni hili: Je, mahakama ile ilikuwa na mamlaka juu ya mdaiwa, na je, mdaiwa aliarifiwa?

Hata hivyo, mshindi wa haki bado alisumbuka, kwa kuwa ilimpasa kufungua kesi mpya akiitumia hukumu yake kama hoja. Bunge la Uingereza likaanza kupunguza taabu hiyo nyumbani kwao. Katika mwaka wa 1868 ilitungwa sheria iliyoziwezesha hukumu za fedha za Uingereza, Uskochi na Ireland kuandikishwa katika mahakama za sehemu hizo nyingine, pasipo kuanza kesi upya. Katika mwaka wa 1920 njia hiyo ilifunguliwa kwa nchi za mbali zilizokuwa chini ya mfalme wa Uingereza, nayo ilitaka ombi liletwe katika muda wa miezi 12. Katika mwaka wa 1933 ikatungwa sheria pana zaidi, iliyoruhusu hata hukumu za mataifa mengine kuandikishwa, mradi mataifa hayo nayo yazipokee hukumu za Uingereza kwa wema ule ule. Muda ukawekwa miaka 6. Ufaransa na Ubelgiji ziliingia katika mapatano hayo katika mwaka wa 1936.

Wasomaji watazame neno hili, "kwa wema ule ule," maana ndilo shina la mambo yote. Ukiipokea hukumu yangu, nami nitaipokea yako. Ukiikataa yangu, yako nayo itabaki mlangoni. Sheria hizi ni mfano wa kazi ya kulima kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako.

Sasa turudi kwetu. Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza katika Julai 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliwekwa kwa Amri ya Mfalme ya mwaka wa 1920, na mashauri ya madai yakaongozwa kwa kanuni za Bara Hindi za mwaka wa 1908. Katika wakati huo wa utawala wa Waingereza ikatungwa sheria ya kuzipokea hukumu za jirani: Kenya, Uganda, Unguja na Nyasaland, ambayo leo yaitwa Malawi. Kwa hukumu hizi njia ilikuwa fupi, kwa sababu nchi zote hizo zilikuwa chini ya bendera moja, na mawakili wao walisoma vitabu vile vile. Kisha katika mwaka wa 1935 Tanganyika ilipata sheria yake ya kuandikisha hukumu za kigeni, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka wa 1933 karibu neno kwa neno.

Yafaa tuseme kweli juu ya sheria hizi. Hazikutungwa kwa ajili ya mkulima wa pamba wa Sengerema. Zilitungwa kwa ajili ya makampuni, mabenki na matajiri wenye maduka Mombasa, Kampala na Mwanza. Mwafrika wa siku zile aliwekwa chini ya sheria nyingine, iliyozuia mikopo kwa wenyeji, na ambayo ilitolewa tena katika mwaka wa 1931. Kwa sheria hiyo mtu asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa mkopo ule ulikubaliwa na mkuu wa serikali. Walisema kwamba wanamlinda mwenyeji asizame katika madeni, na kwa kweli wako waliookolewa. Lakini mlango uliomzuia mdai ulimzuia pia mkopo, na mchuuzi Mwafrika aliyetaka kununua bidhaa kwa mali kauli alikuta maduka makubwa hayamwamini. Tena, tangu mwaka wa 1929 mabaraza ya wenyeji yaliondolewa chini ya Mahakama Kuu, na rufani zake zikaenda kwa wakuu wa serikali. Sheria ya kuandikisha hukumu ilizungumza juu ya mahakama za juu tu. Kwa hiyo uamuzi wa baraza la mtemi, hata ukiwa wa haki namna gani, haukuwa na nafasi katika daftari la nchi nyingine.

Basi kuandikisha kwenyewe hufanywaje? Kwa sheria ile ya mwaka wa 1935, mshindi hupeleka ombi katika Mahakama Kuu, akiwa na nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama iliyoitoa. Yampasa aonyeshe mambo kadhaa. Kwanza, kwamba hukumu ni ya fedha za kiasi kinachojulikana. Hukumu ya kumwamuru mtu arudishe shamba au avunje ukuta haiandikishwi kwa njia hii. Pili, kwamba hukumu ni ya mwisho katika mahakama ile, si amri ya muda tu. Tatu, kwamba fedha zenyewe si kodi wala faini, kwa maana hakuna serikali ipendayo kuwa mkusanya kodi wa serikali nyingine. Nne, kwamba miaka 6 haijapita. Tano, kwamba deni halijalipwa lote. Ikiwa sehemu imelipwa, huandikishwa kiasi kilichobaki.

Hukumu ikiisha kuandikishwa, ina nguvu sawa na hukumu ya mahakama yenyewe. Mali ya mdaiwa yaweza kukamatwa na kuuzwa kwa kufuata sheria za pale ilipo. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa, kwa kuwa mdaiwa hulindwa na sheria za nchi ambamo mali yake imo. Kwetu, kwa mfano, sheria hukataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, na zana za fundi. Hukumu ya kigeni haiwezi kufanya yale ambayo hukumu ya nyumbani imekatazwa.

Lakini mdaiwa naye ana nafasi ya kusema. Aarifiwapo kwamba hukumu imeandikishwa, aweza kuomba ifutwe. Aweza kusema kwamba mahakama ya kigeni haikuwa na mamlaka juu yake: hakukaa katika nchi ile, hakukubali kuhukumiwa huko, wala hakufika kujitetea. Aweza kusema kwamba hati ya kuitwa haikumfikia mapema kiasi cha kujitetea, akashindwa bila kusikilizwa. Aweza kusema kwamba hukumu ilipatikana kwa hila, au kwamba kuitimiza kutakwenda kinyume cha misingi ya haki ya nchi. Akithibitisha mojawapo ya hayo, hukumu itafutwa daftarini. Lile asiloweza kusema ni kwamba, "Jaji wa kule alikosea kupima ushahidi." Nafasi ya kusema hivyo ilikuwa katika rufani, huko huko.

Hapa ndipo palipo hatari kwa watu wengi. Mvuvi wa kwetu aliyekaa mwaka mzima katika visiwa vya Uganda, akakopa nyavu na mashine ya mtumbwi, kisha akaitwa mahakamani huko akiwa bado yuko, labda atafikiri kwamba akirudi nyumbani mambo yamekwisha. Akaipata hati mkononi, akaikunja, akapanda chombo kurudi Sengerema. Mtu huyo hafanani na yule wa Tobago. Yule hakuitwa kwa njia ambayo angeweza kuisikia; huyu ameitwa akasikia, akanyamaza. Alikuwa akikaa katika nchi ile kesi ilipoanza, na hati alipewa. Hukumu ikitolewa naye hayupo, kutokuwapo kwake hakutamfaa. Kunyamaza si utetezi.

Kwa miaka mingi kulikuwa na jambo moja lililorahisisha kazi hii: shilingi ilikuwa moja. Tangu miaka ya 1920 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi ya Afrika ya Mashariki, na Shilingi 500 zilizohukumiwa Kampala zilikuwa Shilingi 500 Mwanza. Katika mwaka wa 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha zake, na swali la kubadili fedha likaingia katika hukumu. Sheria ya mwaka wa 1935 ilikuwa imekwisha kulijibu: fedha za kigeni zihesabiwe kwa kima cha siku hukumu ilipotolewa. Mtu mwenye hesabu ataona mara moja faida na hasara iliyomo. Ikiwa shilingi yetu imepungua thamani tangu siku ile, mdai aliyekawia miaka mitano atapata fedha zinazonunua kidogo. Basi hata ndani ya ile miaka 6, kukawia kwaweza kumgharimu.

Nguzo nyingine ilianguka katika mwaka wa 1977. Mpaka hapo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Mahakama moja ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na neno lake lilisikiwa katika nchi zote tatu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, mahakama ile ikavunjika pamoja nayo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka wa 1983. Kila nchi ikabaki na mahakama yake ya mwisho. Katika mwaka wa 1984 Kenya ilitunga sheria mpya ya kupokea hukumu za kigeni, na katika orodha ya nchi zilizokubaliwa waliandikwa Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Shelisheli, Australia na Uingereza. Huko nako muda ni miaka 6, na ombi hupelekwa katika Mahakama Kuu.

Sasa tumrudie mchuuzi wetu wa dagaa. Ameshinda, naye Kenya yaitambua Tanzania. Je, safari yake imekwisha? Bado. Sheria ya Kenya, kama zile za kale, yataja hasa hukumu za mahakama za juu za nchi za Jumuiya ya Madola. Hukumu yake ni ya mahakama ya wilaya, na kwa hiyo aweza kukuta mlango ni mwembamba kuliko alivyodhani. Pengine ingalimfaa zaidi kushtaki Kisumu tangu mwanzo, mahali ambapo mdaiwa anakaa na mali yake ipo. Hapo asingalihitaji kuandikisha kitu. Nauli na wakili wa Kisumu ni gharama, lakini gharama ya kushinda mahali pasipo na mali ni kubwa zaidi. Hilo ndilo fundisho kubwa katika habari hii: mtu asichague mahakama kwa kutazama ukaribu wa nyumba yake tu, bali atazame kwanza mali ya mdaiwa iko wapi.

Tena, tazameni orodha zenyewe. Katika sheria za Tanzania, hukumu za jirani zilizopewa njia fupi ni zile za nchi ambazo Waingereza walizitawala. Rwanda, Burundi na Kongo zilizokuwa chini ya Wabelgiji hazikuwamo. Lakini dagaa na mchele wa kanda yetu huenda pia magharibi, na malori hupita Sengerema usiku na mchana, hasa tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa katika Juni 2025. Mipaka ya madeni imepanuka kuliko mipaka ya daftari. Mwenye hukumu ya nchi isiyo katika orodha hana njia ya kuiandikisha. Itampasa kufungua kesi mpya, akiileta hukumu yake kama ushahidi wa deni. Kanuni zetu za madai za mwaka wa 1966 humsaidia kwa kusema kwamba hukumu ya kigeni isichimbuliwe tena, isipokuwa kama ilitolewa pasipo mamlaka, au kwa hila, au kinyume cha haki ya asili, au kwa kasoro nyingine zilizotajwa humo. Hata hivyo kesi mpya ni kesi mpya, ina ada yake na muda wake.

Jumuiya ya sasa ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa kwa mkataba wa mwaka wa 1999, imewapokea Rwanda na Burundi katika mwaka wa 2007, na Kongo katika mwaka wa 2022. Mahakama yake iko Arusha. Mkataba wasema kwamba hukumu ya fedha ya mahakama hiyo itatimizwa kwa kufuata kanuni za madai za nchi ambamo inatimizwa. Hayo ni kwa hukumu za Arusha. Hukumu za mahakama za nchi moja moja zinaendelea kutegemea sheria na orodha za kila nchi.

Mwisho twawapa wasomaji maneno machache ya kushika. Mwenye kuuza kwa mkopo ng'ambo na aandike mapatano, aseme humo mashauri yatakatwa katika mahakama ya nchi gani, kwa kuwa aliyekubali kwa maandishi hataweza baadaye kusema kwamba mahakama ile haikuwa na mamlaka juu yake. Akishinda, na aombe nakala iliyothibitishwa mara moja, wala asingoje fedha za nchi zibadilike thamani. Aliyeitwa na mahakama ya kigeni akiwa katika nchi ile asiikunje hati. Na amwone wakili, kwa maana kujitetea mapema ni rahisi kuliko kufuta hukumu baadaye. Na aliyeletewa taarifa kwamba hukumu ya kigeni imeandikishwa Mwanza juu yake, hali hakuitwa wala hakujua lolote, asikate tamaa wala asifiche mali. Na aende mahakamani katika muda uliotajwa katika taarifa ile, aseme kwamba hakuarifiwa. Mtu wa mwaka wa 1808 alisema hivyo, akasikilizwa.